Albamu ya vibao vya bendi ya roki: inavyosukwa, na inapoharibikia

Nyimbo kumi tu zilitosha. Mkusanyiko wa bendi ya Eagles, Their Greatest Hits (1971–1975), ulitoka Februari 1976, na mwezi huohuo ukawa albamu ya kwanza kupewa cheti cha platinamu, yaani cha mauzo ya milioni moja, nchini Marekani. Mwaka 2018 RIAA, chama cha kampuni za kurekodi cha huko, kilithibitisha kwamba umefikisha platinamu 38, na hapo ukaipita Thriller ya Michael Jackson. Tena haumo hata wimbo wao mashuhuri, Hotel California, maana ulikuwa bado haujatoka. Albamu iliyoubeba ilifika madukani Desemba ya mwaka huo.

Wengi huichukulia albamu ya vibao kuwa kazi ya karani: kokota nyimbo zilizokwisha kupendwa, zipange, bandika jalada. Naona wanakosea sana. Mkusanyiko mzuri una ufundi wake, na mbaya una makosa yanayojirudia kwa bendi baada ya bendi. Ukijua makosa hayo huzaliwa wapi, utajua toleo lipi ulinunue na lipi uliache dukani, na ukitaka kusuka mkusanyiko wako utajua pa kuanzia.

Kanuni kwanza, nyimbo baadaye

Kabla hujachagua wimbo hata mmoja, andika kanuni ya kuchagua kwa sentensi moja. Usipoweza kuiandika kwa sentensi moja, bado huna kanuni.

Mfano safi kuliko yote ni albamu ya Beatles iitwayo 1, ya Novemba 2000. Kanuni yake: kila singo, yaani wimbo uliouzwa peke yake, iliyofika namba moja Uingereza au Marekani, kwa chati ya jarida la Record Retailer upande wa Uingereza na ya Billboard upande wa Marekani. Zikapatikana nyimbo 27, takriban dakika 79, zikaenea kwenye CD moja. Sasa angalia gharama yake. Please Please Me haimo, kwa sababu ingawa chati nyingine za Uingereza za 1963 ziliipa nafasi ya kwanza, Record Retailer waliiweka ya pili. Penny Lane imo kwa kuwa iliongoza Marekani, lakini Strawberry Fields Forever, iliyokuwa upande wa pili wa sahani hiyohiyo, haimo. Inauma, kwani ni miongoni mwa rekodi kubwa walizowahi kufanya. Hata hivyo waliosuka albamu ile hawakuinamisha kanuni, na ndiyo maana msikilizaji hana la kubishana nao: anajua anachopewa.

Eagles walilegeza kidogo. Desperado haikuwahi kutolewa kama singo, lakini imo, kwa kuwa watu walikwisha kuifanya kibao bila kusubiri chati. Kulegeza huko kunakubalika kwa wimbo mmoja au miwili. Ukizidisha, mkusanyiko hugeuka kuwa orodha ya vipenzi vya mtu aliyekaa mezani siku ile.

Led Zeppelin ni mtihani wa aina yake. Walipokuwa hai kama bendi hawakutoa singo Uingereza, kwa hiyo kipimo cha chati ya singo nyumbani kwao hakina maana. Mothership ya 2007, nyimbo 24 kwenye CD mbili, imepimwa kwa njia nyingine: nyimbo zilizobeba kila albamu, kwa mpangilio wa miaka. Kwa bendi ya namna hii ukilazimisha neno “vibao” utapotosha.

Ukiwa na bendi yenye albamu nyingi, tengeneza orodha tatu. Ya kwanza ni nyimbo zilizoingia chati. Ya pili ni zile ambazo bendi haiwezi kushuka jukwaani bila kuzipiga. Ya tatu ni nyimbo ambazo bendi ilibadilika kupitia kwazo: gitaa jipya, mwimbaji mpya, mdundo mpya. Zilizomo kwenye orodha ya kwanza na ya pili kwa pamoja zinaingia bila mjadala, na mara nyingi huwa kati ya 8 na 12. Zinazobaki hujazwa kutoka ya tatu mpaka ufike dakika 60 hadi 75. Wimbo ulio kwenye chati peke yake, ambao bendi yenyewe imeutupa, uache. Mara nyingi ulipanda kwa msukumo wa msimu. Kutafuta orodha isiyolalamikiwa na mtu ni kujichosha bure, mchagua nazi hupata koroma.

Je, ni lazima kila albamu iwakilishwe? Hapana. Steve Miller Band walitoa Greatest Hits 1974–78 yenye nyimbo 14: sita kutoka Fly Like an Eagle, saba kutoka Book of Dreams, na The Joker ya 1973 peke yake kutoka nje. Kwa hesabu ya haki kati ya albamu ni upendeleo mtupu. Kwa sikio ni mkusanyiko uliotulia kuliko mingi, kwa sababu nyimbo 13 zimetoka kipindi kimoja na zina sauti ya ukoo mmoja.

Jambo la mwisho kuhusu uchaguzi: jina moja la albamu si lazima liwe orodha moja ya nyimbo. Greatest Hits ya Queen, iliyotoka 1981, ilikuwa na nyimbo 17 Uingereza na 14 Marekani. Toleo la Marekani lilibeba Under Pressure, waliyoimba na David Bowie na iliyokuwa imetoka punde tu. La Uingereza halikuwa nayo, na wasikilizaji wa huko waliikuta kwenye Greatest Hits II ya 1991. Ukinunua santuri ya zamani ya albamu hii, geuza jalada usome orodha ya nyimbo na nchi iliyochapwa kabla hujatoa pesa. Kutazama picha ya mbele tu hakutoshi.

Nani mwenye rekodi?

Hapa ndipo mikusanyiko mingi huvunjikia, na msikilizaji wa kawaida haoni. Wimbo una haki mbili tofauti: haki ya utunzi, yaani maneno na melodia, na haki ya rekodi yenyewe, yaani kile kilichonaswa studio siku ile. Kwenye jalada haki ya rekodi huwekwa alama ya ℗ ikifuatwa na mwaka na jina la mwenyewe. © Ni ya jalada na maandishi yake. Bendi inaweza kuwa imetunga wimbo wote na bado isiwe na rekodi.

Rolling Stones ndio somo kubwa. Rekodi zao za miaka ya 1960, hadi mwanzoni mwa 1970, zilibaki kwa ABKCO, kampuni ya aliyekuwa meneja wao Allen Klein. Ndiyo maana Hot Rocks 1964–1971 inaishia pale inapoishia: mpaka wake umechorwa na mkataba, muziki wenyewe haukukoma hapo. Mikusanyiko ya lebo yao wenyewe, yaani kampuni yao ya kutoa rekodi, nayo ikawa inaanzia 1971. Ilibidi kungoja hadi 2002 kwa Forty Licks, nyimbo 40 zikiwemo 4 mpya, ndipo enzi zote mbili zikakaa kwenye mkusanyiko mmoja kwa makubaliano ya pande zote.

Pink Floyd walipokosa makubaliano walirekodi upya. Mwaka 1981 lebo yao Marekani ilikuwa Columbia, lakini wimbo wao wa 1973, Money, ulikuwa mali ya lebo ya Capitol, nao Capitol wakakataa kuitoa kwa ajili ya A Collection of Great Dance Songs. Mpiga gitaa wao David Gilmour akaingia studio akaurekodi tena akipiga ala nyingi yeye mwenyewe, na Dick Parry akarudia saksafoni yake. Sikiliza ya 1973 na ya 1981 kwa kufuatana: ni wimbo uleule, ila ngoma zimekaa vingine na hewa ya chumba si ile. Def Leppard nao mwaka 2012, wakiwa katika mvutano na lebo yao kuhusu mauzo ya mtandaoni, walirekodi upya baadhi ya vibao vyao kwa kuigiza kila sauti ya zamani.

Hizo ni rekodi mpya zilizofanywa na bendi yenyewe kwa bidii na kwa uwazi. Tatizo ni ile mikusanyiko ya bei ya chini inayojazwa rekodi mpya zilizofanywa miaka mingi baadaye, pengine na mwanachama mmoja tu wa bendi ya asili, huku jalada likibeba picha ya zamani. Namna ya kuikamata:

Tafuta maandishi madogo nyuma ya jalada yasemayo kuwa rekodi ni mpya. Huwekwa mahali ambapo jicho halifiki. Linganisha muda wa wimbo na ule wa singo ya awali. Tofauti ya sekunde moja au mbili ni ya kawaida, ya sekunde 10 na zaidi inadai maelezo. Tazama mwaka wa ℗: wimbo wa 1974 wenye ℗ ya 2009 peke yake, bila kutaja mwaka wa awali, ni dalili mbaya. Na mtandaoni, ukiweza kuiona ISRC, ile namba yenye jumla ya herufi na tarakimu 12 ambayo kila rekodi hupewa, ifuate. Rekodi ileile ikiingizwa kwenye mkusanyiko kwa kawaida hubaki na ISRC yake, na rekodi mpya lazima ipate namba mpya. Angalizo: masta mpya, yaani rekodi ileile iliyosafishwa upya, nayo inaweza kupewa namba mpya, kwa hiyo namba peke yake haitoshi kuhukumu. Sikio ndilo la mwisho.

Kuna pia albamu za vibao ambazo bendi haikuzitaka. Greatest Hits ya Guns N' Roses, ya 2004, ilitolewa na lebo ya Geffen ilhali wanamuziki, wa zamani na waliobaki, walijaribu kuizuia mahakamani wakashindwa. Iliuza vizuri. Lakini ukiisikiliza unatambua kwamba hakuna mtu wa bendi aliyekaa kufikiria wimbo upi ufuate upi.

Toleo gani la wimbo?

Wimbo mmoja wa roki unaweza kuwa na toleo la albamu, toleo la singo lililokatwa kwa ajili ya redio, mchanganyo wa mono (sauti zote kwenye mkondo mmoja), mchanganyo wa stirio (mikondo miwili, kushoto na kulia), na rimiksi, yaani mchanganyo mpya, ya miaka ya karibuni. Msukaji asiposema ametumia lipi, jua hakujiuliza.

Light My Fire ya Doors, kwenye albamu yao ya kwanza ya 1967, inakaribia dakika 7. Singo ilikatwa ikabaki chini kidogo ya dakika 3, na kilichokatwa ni ile safari ya kinanda na gitaa katikati. Anayeujua wimbo kutoka redioni atashangaa akipewa mrefu, na anayeujua mrefu ataona ameibiwa akipewa mfupi. Kwa mkusanyiko wa bendi moja mimi huchagua mrefu kila mara kipande kilichokatwa kinapokuwa ni upigaji wa ala. Kikiwa ni marudio ya kiitikio mwishoni tu, toleo la singo linatosha na linakuokolea dakika nzima. Bohemian Rhapsody haikuleta tatizo hili: ilitoka singo mwaka 1975 ikiwa nzima, dakika 5 na sekunde 55.

Love Me Do ni mtego mzuri wa kupima umakini wa msukaji. Beatles waliurekodi 4 Septemba 1962 Ringo Starr akipiga ngoma, kisha tena 11 Septemba ngoma zikipigwa na Andy White, mpigaji wa kukodiwa, na Ringo akapewa tari. Matoleo ya kwanza ya singo yalitumia ya Ringo, albamu ikatumia ya White. Njia ya kuyatofautisha ni nyepesi: ukisikia tari, aliyeketi kwenye ngoma ni Andy White.

Kwa nyimbo za kabla ya takriban 1968, mono si toleo duni. Bendi nyingi za Uingereza zilikaa na mhandisi mpaka mono ikamilike, na stirio ikaachiwa wengine. Stirio za wakati ule huweka sauti za waimbaji upande mmoja na ala upande mwingine, jambo linalochosha mno kwenye vipokea sauti vya masikioni. Usichanganye hovyo, lakini. Mono, stirio ya kutengana, kisha mono tena ndani ya nyimbo tatu humfanya msikilizaji adhani kifaa chake kimeharibika. Ziweke mono zote pamoja mwanzoni, au chukua stirio zote ukubali upungufu wake.

Mpangilio na mipaka ya sahani

Santuri ya inchi 12 inayozunguka mara 33⅓ kwa dakika inapendeza ikibeba dakika 18 hadi 22 kila upande. Ukipita hapo mifereji husongamana, mhandisi analazimika kushusha sauti na kupunguza besi ili sindano isiruke, na mvumo wa sahani unaanza kusikika. Queen waliweka nyimbo 17, karibu dakika 58, kwenye santuri moja, yaani takriban dakika 29 kila upande. Toleo hilo la awali linahitaji upandishe kidhibiti cha sauti juu kuliko albamu nyingine za bendi hiyohiyo. Creedence Clearwater Revival (CCR), kwa upande wao, waliweka nyimbo 20 za Chronicle, mwaka 1976, kwenye santuri mbili, na mdundo wao wa besi ukapata nafasi ya kupumua.

Kuna jambo lingine la santuri ambalo wapangaji wa leo hulisahau. Mwanzo wa upande, kwenye ukingo wa nje, mfereji hupita chini ya sindano kwa kasi ya takriban sentimeta 50 kwa sekunde. Karibu na lebo ya katikati kasi imeshuka hadi kama 21. Sauti za juu, yaani matoazi na herufi ‘s’ za mwimbaji, hukwaruza huko ndani. Kwa hiyo wimbo wa mwisho wa kila upande uwe mtulivu, usiokuwa na matoazi mengi. Ukikuta mkusanyiko wa santuri unaofunga upande A kwa wimbo mkali kuliko yote, umepangwa na mtu aliyekuwa akiifikiria CD.

CD ina nafasi ya dakika 74 kwa kipimo cha awali, na hadi karibu 80 kwa zilizofuata. Uhuru huo ndio uliozaa ugonjwa wa kujaza: nyimbo 14 nzuri na 6 za kusindikiza. Dakika 79 za Beatles zinavumilika kwa sababu nyimbo zao za mwanzo ni za dakika mbili mbili. Kwa bendi ya nyimbo za dakika tano, simama kwenye 65.

Kwa miaka au kwa hisia? Mpangilio wa miaka unafaa bendi iliyobadilika wazi. Mikusanyiko miwili ya Beatles ya Aprili 1973, ile nyekundu ya 1962–1966 na ya buluu ya 1967–1970, inafaidi sana kwa hilo. Unasikia vijana wakikua. Bendi ambayo kazi yake bora iko mwanzoni itadhoofika ukiipanga kwa miaka, maana nusu ya pili itakuwa mteremko. Queen, kwenye toleo la Uingereza, walipanga kwa hisia: wakafungua na Bohemian Rhapsody, wakafunga na We Will Rock You ikiingia We Are the Champions, jozi isiyofaa kutenganishwa. Pink Floyd, kwenye Echoes ya 2001, nyimbo 26 kwenye CD mbili, waliacha miaka kabisa na wakaziunganisha nyimbo moja ikifia ndani ya nyingine, kazi iliyosimamiwa na mhandisi James Guthrie. Ilibidi, kwa kuwa nyimbo zao kwenye albamu za awali zimeshikana, na ukiukata mmoja unabaki na kipande cha mwenzake kikining'inia mwanzoni.

Baina ya wimbo na wimbo, tazama mambo matatu. La kwanza ni ufunguo, yaani nota ambayo wimbo umejengwa juu yake. Bendi nyingi za roki hushusha gitaa nusu toni, kutoka E hadi E bemoli, Guns N' Roses wakiwemo. Wimbo wa E ukifuatwa papo hapo na wa E bemoli husikika kama kanda imelegea. Weka wimbo mwingine katikati. La pili ni mwisho wa wimbo. Unaofifia taratibu tayari una kimya chake, ongeza nusu sekunde hadi sekunde moja tu. Unaokatika ghafla unahitaji sekunde 2 hadi 3. Kutoka wimbo wa kelele kwenda wa gitaa kavu, sekunde 3 au 4. La tatu ni kasi: nyimbo tatu mfululizo zenye mapigo yanayokaribiana, kwa mfano 120, 122 na 118 kwa dakika, hulaza sikio hata kama kila mmoja ni mkali.

Kanda, na kusawazisha sauti

Mkusanyiko hukusanya pia kanda za studio tofauti, mashine tofauti na miongo tofauti. Swali la kwanza la mhandisi ni kama kanda aliyoletewa ni ya asili au ni nakala ya nakala. Kila nakala ya kanda huongeza mvumo na kupunguza mng'ao wa juu. Mikusanyiko mingi ya zamani iliyochapwa nje ya nchi ya bendi ilitokana na nakala zilizotumwa kwa posta, na inasikika hivyo: kama vile kuna pazia mbele ya spika.

Kanda za kati ya miaka ya 1970 na 1980, Ampex 456 hasa, zina maradhi yake. Gundi inayoshikilia unga wa sumaku hunyonya unyevu wa hewa, hulainika, huanza kunata. Ukiicheza hivyohivyo inapiga kelele kwenye mashine na kuacha unga kwenye vichwa vya kusomea, na unga ule ndio muziki. Tiba ni kuipasha joto la takriban nyuzi 54 za Selsiasi kwa saa 8 au zaidi kwenye chombo chenye joto lililotulia, kisha kuinakili mapema, kwa sababu nafuu hiyo haidumu. Kanda za zamani zaidi za asetati zisipashwe kamwe, zitajikunja na kuharibika. Baada ya hapo kichwa cha mashine hulinganishwa na milio ya kipimo iliyorekodiwa mwanzoni mwa kanda. Kichwa kikikaa upande hata kidogo sana, matoazi yote yanakuwa ya mchanga.

Kisha kuna kiwango cha sauti. Tuseme wimbo wa 1972 unapima -16 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia; namba ikikaribia sifuri sauti ni kubwa zaidi) na wa 1999 unapima -8. Ukiviacha hivyo, msikilizaji anakimbilia kitufe. Kosa linalofanywa kila siku ni kuukandamiza wa 1972 ili ufikie -8: ngoma zinapoteza pigo, na kimya kati ya nota kinajaa kelele. Shusha wa 1999. Una desibeli 8 za tofauti. Ushushe 6, wa zamani upandishe 1 au 2, na kilele chochote kisipite -1 kwa kipimo cha kilele halisi. Majukwaa ya kusikilizia mtandaoni hayatakuadhibu kwa kuwa chini: Spotify kwa kawaida huelekeza kila kitu -14, na ukicheza albamu nzima kwa mpangilio wake hutumia marekebisho mamoja kwa albamu yote. Maana yake tofauti za ndani ulizoziacha wewe ndizo zitakazosikika.

Usisawazishe kwa mita peke yake. Linganisha sauti ya mwimbaji na ngoma ya mtego (snare) kati ya wimbo na wimbo, kisha uache wimbo wa polepole ukae desibeli 2 au 3 chini ya mkali. Nyimbo zote zikiwa sawa kwa mita, ule wa gitaa kavu utasikika mkubwa kuliko bendi nzima, na hilo halipo duniani. Besi ya rekodi za 1965 ni nyembamba. Iongeze desibeli 1, 2 kwa upeo, kwa mkunjo mpana. Zaidi ya hapo unaanza kuipaka rangi isiyo yake.

Anayesuka mkusanyiko wake nyumbani kwa ajili ya kusikiliza ana kazi nyepesi. Tumia faili za FLAC, zisizopunguza chochote cha sauti, kutoka CD za albamu zenyewe, ukitafuta matoleo ambayo hayajapandishwa sauti kupita kiasi. Usitumie MP3 kwa nyimbo zilizoshikana, kwani faili hizo huongeza kimya kifupi mwanzoni na mwishoni, na programu isiyojua kukiruka itakata mdundo. Programu inayotumia mfumo wa ReplayGain itapima kila wimbo na kuandika marekebisho pembeni bila kugusa muziki wenyewe. Kipimo chake cha karibuni ni -18 LUFS. Kwa mkusanyiko anza na kipimo cha wimbo mmoja mmoja, kisha shusha kwa mkono zile za polepole. Kwenye maelezo ya faili andika mwaka wa wimbo kutoka mara ya kwanza, usiandike mwaka wa mkusanyiko, la sivyo bendi nzima itaonekana imezaliwa siku moja.

Wimbo mpya, ule wa kuwavuta wenye albamu zote, una mahali pake pia. Tom Petty and the Heartbreakers waliweka Mary Jane's Last Dance nafasi ya 17 kati ya 18 kwenye Greatest Hits ya 1993, na wimbo ukawa kibao kwa nguvu zake, bila kuvuruga miaka iliyotangulia. Nirvana, mwaka 2002, walifungua na You Know You're Right, na hapo kuwa mwanzoni kulifaa kwa sababu ndio waliokuwa wakiusubiri wote baada ya mvutano mrefu wa kisheria kuhusu kuutoa. Ukiwa na wimbo mpya wa kawaida, uweke mwisho. Katikati utasikika kama mgeni aliyekosea mlango.

Mkusanyiko ukishapangwa, usiusikilize mzima kwanza. Sikiliza sekunde 20 za mwisho za kila wimbo na 20 za mwanzo za unaofuata, mfululizo, kwenye spika za kawaida na kidhibiti cha sauti kikiwa hakiguswi. Kwa nyimbo 16 ni maungio 15, kama dakika 10 za kazi. Mahali popote mkono unapotaka kwenda kwenye kidhibiti, pana kosa la kiwango. Panapokukereka bila kujua kwa nini, pima ufunguo na kasi. Rekebisha hayo, kisha ndipo uukalie mzima.